Kabla Hujashusha Bomba Kisimani: Soma Logi, Ujue Chumvi Imelala Wapi



Vijana wananiletea swali moja mara nyingi kuhusu visima: "Bwana shamba, kisima kinatoa maji mengi, pampu inapiga vizuri, mbona nyanya zinaungua kingo za majani?" Anayeuliza anaweza kuwa na ekari mbili Kigamboni, au banda la miche nyuma ya nyumba Upanga. Mara nyingi jibu ni chumvi. Na mara nyingi chumvi hiyo ilikuwepo kule chini tangu siku ya kuchimba, ila bomba zenye matundu ziliwekwa mbele yake bila mtu kujua.

Leo tuzungumze kuhusu kipimo kinachoweza kukuonyesha jambo hilo mapema. Wataalamu wanakiita kupima kisima kwa jiofizikia, na watu wa rigi wanasema kwa kifupi "kupiga logi". Kinafanyika katika muda mfupi sana, yaani baada ya mtambo kumaliza kuchimba na kabla bomba hazijashushwa. Saa hizo chache zikipita, nafasi hiyo hairudi kirahisi. Ndiyo maana nataka uzijue kabla hujaita mtambo.

Chini ya Kariakoo kuna nini

Tuanzie katikati ya jiji, kwa sababu hapo ndipo somo lote linaonekana vizuri. Ukisimama Kariakoo unaona lami, maghorofa na mikokoteni. Chini yake kuna mchanga na mfinyanzi uliopangana kama matabaka ya keki. Watafiti waliopima tabaka za maji za Dar es Salaam, akiwemo Ibrahimu Mjemah na baadaye Yustina Mtoni, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, wanaeleza picha hii: kuna tabaka la juu la mchanga lenye maji, chini yake tabaka la mfinyanzi, kisha tabaka la pili la mchanga lenye maji. Chini zaidi unakuta mchanga wa kale uliofungamana na mfinyanzi, wa jamii ya ule unaoonekana vilima vya Pugu.

Sasa angalia maji ya chumvi yako wapi. Wengi wakisema "bahari" wanafikiria Feri au Kivukoni tu. Lakini mkondo wa bandari unaingia ndani kupita Kurasini hadi Mtoni, na kaskazini maji ya bahari yanapanda na kushuka kwenye mdomo wa mto Msimbazi, pale penye mikoko karibu na Daraja la Salenda. Kwa hiyo Posta, Upanga na Kariakoo ziko kwenye kipande cha ardhi kilichozungukwa na maji chumvi pande zaidi ya moja. Ukitaka kujua umbali wa kisima chako na chumvi, pima kutoka kwenye mkono wa bahari ulio karibu zaidi. Ukipima kutoka ufukweni tu unaweza kujidanganya kwa kilomita kadhaa. Hesabu hii ni muhimu hata Kigamboni, Mbweni na Bagamoyo, ambako mikono ya bahari na mikoko inaingia ndani ya mashamba.

Visima navyo vimekuwa vingi. Ukame wa 1997 uliwasukuma watu na taasisi kuchimba kwa wingi jijini, na tangu hapo kila mgawo wa maji unaleta mitambo mipya mtaani. Utafiti wa Mtoni na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulieleza mambo mawili kwa pamoja katika tabaka za pwani za Dar: maji ya bahari kuingia, na uchafuzi wa naitreti. Yaani tabaka la juu lina hatari ya vyoo na mashimo ya maji taka, na ukishuka chini au ukikaribia bahari una hatari ya chumvi. Maji mazuri yapo, lakini yamebanwa katikati. Kazi yako ni kujua yameanzia mita ya ngapi na yameishia mita ya ngapi.

Chumvi ni kilo ngapi?

Kabla ya vifaa, tufanye hesabu ya shamba, maana hapo ndipo hela inapotea.

Chumvi ya maji tunaipima kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari yanafika kama 50,000. Mwongozo wa FAO wa ubora wa maji ya umwagiliaji unasema maji yaliyo chini ya 700 hayana tatizo, kati ya 700 na 3,000 yanahitaji uangalifu, na yakizidi 3,000 ni tatizo kubwa. Kwa mwongozo huo huo, maharage na karoti zinaanza kupunguza mavuno maji yakizidi 700, kitunguu 800, hoho 1,000 na nyanya 1,700. Kitunguu kikimwagiliwa maji yanayokaribia 2,900 unategemea nusu ya mavuno.

Tuseme ekari yako inahitaji milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni kama lita 20,000. Maji yenye kipimo cha 3,000 yana takriban gramu 2 za chumvi kwa lita. Zidisha: kilo 40 kwa siku. Yaani kila siku unamwaga karibu mfuko mzima wa chumvi kwenye ekari moja, na kwa msimu wa siku 90 ni zaidi ya tani 3. Masika nzuri kwenye mchanga inaweza kuisafisha kwa kiasi kikubwa. Kwenye udongo mzito inabaki, na mwakani unaanza na shamba lililochoka. Ndiyo maana nasema kisima kibaya kinaweza kukuharibia ardhi, mbali na pesa uliyolipa mtambo.

Kupima juu ya ardhi siyo kupiga logi

Vijana wengi wananiambia, "Mbona mimi nilipima maji kabla ya kuchimba?" Ni kweli, na ulifanya vizuri. Lakini kile ni kipimo kingine.

Mpimaji anayekuja na waya na vijiti vya chuma anapitisha umeme ardhini akiwa juu, kisha anakadiria kilichoko chini. Kinachopimwa ni ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Mchanga wenye maji baridi unazuia umeme kwa kiasi kizuri. Mfinyanzi unazuia kidogo tu. Na mchanga wenye maji chumvi unazuia kidogo vilevile. Umeona tatizo? Kwenye pwani yetu, mfinyanzi na chumvi vinaweza kuonekana sawa kwenye kipimo cha juu. Mmoja anaweza kuambiwa "kuna chumvi, acha" kumbe ni mfinyanzi unaolinda maji matamu chini yake. Mwingine anaambiwa "huo ni mfinyanzi tu, pita" kumbe anaelekea kwenye chumvi yenyewe. Isitoshe, kadiri unavyoshuka ndivyo kipimo cha juu kinavyopoteza uwezo wa kuona tabaka nyembamba. Tabaka la mfinyanzi la mita 3 kwenye kina cha mita 45 linaweza lisionekane kabisa, na huenda hilo ndilo linalotenganisha maji yako na chumvi.

Logi inaingia shimoni kwenyewe. Kifaa chembamba kama fimbo ya chuma kinashushwa kwa waya kwenye winchi hadi chini, kisha kinavutwa taratibu huku kikisoma kila sentimita kadhaa, na kompyuta inachora mstari. Unapata mchoro wa shimo lako mwenyewe, kuanzia chini hadi juu.

Kipimo hiki kina umri. Tarehe 5 Septemba 1927, kwenye kisima cha mafuta Pechelbronn, mkoa wa Alsace nchini Ufaransa, watu wa ndugu wawili Conrad na Marcel Schlumberger walishusha kifaa cha umeme kisimani, wakasimama kila baada ya hatua fulani kusoma namba na kuichora kwa mkono. Ndiyo ilikuwa logi ya kwanza ya umeme. Visima vya gesi hutegemea logi kuamua ni mita zipi za kufungulia, na hata gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kufika Dar 2004, inatoka kwenye visima vya aina hiyo. Kwetu wakulima kazi ni hiyo hiyo, ila sisi tunatafuta maji baridi.

Vifaa vitatu vya kuulizia

Cha kwanza ni gama. Udongo na miamba ina mionzi midogo ya asili inayotokana na potasiamu, thoriamu na urani. Haina madhara kwako, ni ya kawaida tu. Mfinyanzi kwa kawaida unayo mingi, mchanga safi unayo kidogo. Mstari wa gama ukienda kulia, soma mfinyanzi; ukirudi kushoto, soma mchanga. Jambo zuri ni kwamba gama haijali maji ni ya chumvi au baridi. Inakuambia aina ya udongo tu.

Cha pili ni ukinzani wa umeme. Huu unasikia udongo na maji kwa pamoja. Vifaa vingi vinasoma mistari miwili, mmoja wa karibu na ukuta wa shimo, mwingine unaofika mbali zaidi. Uamini zaidi ule wa mbali, kwa sababu karibu na ukuta tope la kuchimbia limeshaingia na kuchanganyika na maji ya asili.

Cha tatu ni kipima kipenyo cha shimo. Kina mikono inayofunguka na kugusa ukuta. Kinakuonyesha mahali shimo lilipobomoka na kupanuka, au lilipobana. Kinakusaidia kukadiria changarawe na saruji, na pia kinakuonya usiamini sana mistari mingine mahali ambapo shimo limepanuka.

Sasa siri yote iko kwenye kusoma gama na ukinzani pamoja. Shika haya matatu:

- Gama kubwa, ukinzani mdogo: mfinyanzi.
- Gama ndogo, ukinzani mkubwa: mchanga wenye maji baridi.
- Gama ndogo, ukinzani mdogo: mchanga wenye maji chumvi.

Kwa namba za jumla, mchanga wenye maji baridi mara nyingi unasoma omu-mita makumi kadhaa hadi mamia, na mchanga wenye maji chumvi unaweza kushuka chini ya 5. Namba hizo zinabadilika mahali na mahali, kwa hiyo linganisha tabaka na tabaka ndani ya shimo hilo hilo.

Tahadhari moja kwa watu wa Pugu, Kisarawe na jirani zake. Mfinyanzi mweupe wa kule, kaolini, una potasiamu kidogo. Gama yake inaweza kusoma ndogo kuliko unavyotarajia, ukadhani ni mchanga. Na kuna mchanga wenye chembe nyingi za madini ya potasiamu ambao unasoma gama kubwa, ukadhani ni mfinyanzi. Dawa yake ni sampuli. Mwambie fundi apange udongo unaotoka kila baada ya mita 1 au 2 juu ya turubai, kwa mpangilio, ukiwa na vibao vya kina. Logi bila sampuli inaweza kukudanganya, na sampuli bila logi vilevile, maana udongo unaopandishwa na tope unachelewa na kuchanganyika njiani.

Tusome logi moja pamoja

Huu ni mfano wa kufundishia niliotengeneza, siyo kisima cha mtu. Shimo lina mita 60, eneo la pwani, na maji yamesimama mita 9.

Mita 0 hadi 4: udongo wa kujaziwa na mchanga mkavu. Achana nao.

Mita 4 hadi 18: gama ndogo, ukinzani wa wastani. Ni mchanga wenye maji, tabaka la juu. Yanaweza kuwa baridi, lakini yako karibu na vyoo na takataka.

Mita 18 hadi 27: gama kubwa, ukinzani mdogo. Ni mfinyanzi. Huyu ni mlinzi wako, usimtoboe ukamwacha wazi.

Mita 27 hadi 44: gama ndogo, ukinzani 80 hadi 100. Mchanga wenye maji baridi. Hapa ndipo penye shamba lako.

Mita 44 hadi 48: gama kubwa tena. Mfinyanzi mwembamba.

Mita 48 hadi 60: gama ndogo sana, ukinzani 4. Mchanga mzuri, umejaa chumvi.

Sasa fikiria shimo hilo bila logi. Mchanga unaotoka mita 48 hadi 60 ni mkubwa, msafi, unavutia kwa macho kuliko wote. Fundi anafurahi, anasema hapa kuna maji ya kufa mtu. Anaweka bomba zenye matundu chini kabisa, kama ilivyo mazoea. Na ni kweli, maji yatakuwa mengi. Yatakuwa mengi na yatakuwa chumvi.

Ukiwa na logi unafanya hivi. Unajaza shimo kutoka mita 60 hadi 44 kwa mfinyanzi maalumu wa kuzibia au saruji, ili chumvi isipande. Unaweka bomba moja isiyo na matundu, yenye kifuniko chini, kati ya mita 44 na 41, iwe mahali pa mchanga kutulia. Bomba zenye matundu zinakaa mita 41 hadi 29. Juu yake ni bomba zisizo na matundu hadi nje. Changarawe inazunguka matundu na kupanda kidogo juu yake. Kwenye mfinyanzi wa mita 18 hadi 27 unaziba nje ya bomba, ili maji ya juu yasiteremke kando ya bomba kama maji ya mvua kwenye kona ya nyumba. Pampu inakaa kwenye bomba zima, tuseme mita 25, juu ya matundu, kama kipimo cha kuvuta maji kitaruhusu.

Shimo ni lile lile na mtambo ni ule ule. Kilichobadilika ni mita tu, na hizo mita ndizo zinaamua kama utalima hoho au utauza shamba.

Kariakoo uende baada ya logi

Hapa nawaomba vijana tuelewane. Nimeona utaratibu huu mara nyingi: mtu akipata hela, safari ya kwanza ni Kariakoo. Anarudi na bomba za plastiki, pampu ya kuzamisha, paneli za sola na mipira ya matone, kisha ndiyo anatafuta mtambo. Bei ya Kariakoo inavutia, sikatai. Lakini muuza duka hajui ardhi yako, na wewe bado hujaijua.

Kwenye mfano wetu, bomba zikiwa na urefu wa mita 3 kila moja, unahitaji 4 zenye matundu na 11 zisizo na matundu. Aliyenunua kabla, akabeba 8 zenye matundu "kwa usalama", atazitumia zote, kwa sababu zimelipiwa. Matundu yatafika kwenye mfinyanzi, tope litaingia, na pampu itakula mchanga. Au yatafika kwenye chumvi.

Pampu nayo inachaguliwa baada ya kupima uwezo wa kisima. Pwani pampu kubwa inaweza kuwa adui. Mholanzi Ghijben na Mjerumani Herzberg walionyesha zamani kwamba maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi, kwa sababu chumvi ni nzito. Kwa nadharia yao, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo: ukishusha maji mita 1 kwa kuvuta kwa nguvu muda mrefu, chumvi inapata ruhusa ya kupanda mita nyingi. Ni bora pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi na kujaza tangi, kuliko pampu kubwa inayovuta kwa fujo saa mbili.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kupima juu ya ardhi, kibali, kuchimba, logi, halafu bomba. Kipimo cha kuvuta maji kinafuata, na pampu ya mwisho. Panga na muuzaji mapema bei na usafiri, ila idadi umpe kwa simu baada ya logi.

Siku ya logi: simamia haya

1. Weka logi kwenye mkataba kabla ya mtambo kufika. Andika vifaa vitakavyotumika: gama, ukinzani wa mistari miwili, na kipima kipenyo. Andika pia nani anabeba gharama ya mtambo kusubiri.

2. Ulizia shimo la majaribio. Mtambo unaweza kuchimba shimo jembamba kwanza, likapimwa, kisha likapanuliwa likionekana lina faida. Shimo baya linakugharimu kidogo.

3. Shimo libaki limejaa tope la kuchimbia. Ukinzani wa kawaida haufanyi kazi kwenye shimo kavu, na mchanga bila tope unabomoka. Fundi azungushe tope kwanza kusafisha, kisha kipimo kianze bila kuchelewa.

4. Kukubaliana sifuri iko wapi. Kina kihesabiwe kutoka usawa wa ardhi. Fundi akihesabu kutoka kwenye meza ya mtambo na mpimaji kutoka ardhini, bomba zako zitakosea kwa mita nzima.

5. Pata mchoro na namba zake siku hiyo hiyo. Karatasi moja, na faili kwenye simu yako. Hiyo ni mali ya shamba, kama hati.

6. Kaeni watatu chini ya mti: wewe, fundi na mpimaji. Wekeni logi kando ya sampuli, mkubaliane mita za matundu na mita za kuziba. Andika, wote wasaini.

7. Wakati wa kupima uwezo, pima chumvi kila saa kwa kipima mkono. Namba ikipanda kadiri unavyovuta, punguza kasi. Kisima kinakuambia kikomo chake.

Gharama ikionekana kubwa, ungana na wenzako. Gharama kubwa ni kumleta mtaalamu na vifaa. Mkiwa vijana watano eneo moja mnaochimba kwa kufuatana, mnamwita mara moja, na logi ya kwanza inamsaidia wa pili kujua aelekee kina gani. Ila kila shimo lipimwe, maana tabaka za pwani zinabadilika ndani ya mita mia.

Kisima kimeshachimbwa, nifanyeje?

Bado kuna njia. Gama inasoma hata kupitia bomba za plastiki au chuma, ingawa mstari unafifia kidogo. Kama bomba ni za plastiki, kuna kifaa cha ukinzani kinachotumia sumaku ya umeme, ambacho kinasoma kupitia plastiki. Kwa bomba za chuma hicho hakifanyi kazi. Pia kifaa cha kupima chumvi na joto la maji kinaweza kushushwa ndani ya bomba kuona chumvi inaingilia mita ya ngapi. Ikionekana inaingilia chini, mara nyingine sehemu ya chini inaweza kuzibwa na kisima kikaokoka. Ipimwe kwanza, ndipo uamue kuchimba kingine.

Kibali, na jirani yako

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataka kibali. Kwa Dar es Salaam na Bagamoyo, nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Mchimbaji naye awe na leseni, na akupe kumbukumbu za kisima. Usione ni usumbufu wa bure. Mtu mmoja akiacha shimo lisilozibwa lililopita kwenye chumvi, chumvi inapanda na kuingia kwenye mchanga wa maji baridi ambao jirani zake wote wanautegemea. Nyumba za Upanga na mashamba ya Kigamboni yako sawa kwenye hilo.

Na faida ya kuijua ardhi tumeiona. Mwaka 2022 Ruvu iliposhuka na jiji likaingia kwenye mgawo, mwezi Novemba Serikali iliwasha mradi wa visima virefu vya Kigamboni kulisaidia jiji. Maji yale yako kwenye tabaka la kina kirefu linalojulikana kama Kimbiji, na lilifikiwa kwa kupima na kuchimba kwa miaka kadhaa. Ardhi ya pwani hii ina maji. Inachotaka ni mtu anayeuliza vizuri kabla ya kufungua matundu.

Ukimwita mtu wa rigi wiki hii, muulize kwanza: "Logi unapiga, na kwa vifaa gani?" Akijibu kwamba haina haja kwa sababu yeye ana uzoefu, mwambie uzoefu wake utakaa naye chini ya mti, pamoja na sampuli na mchoro. Akikataa hilo, tafuta mwingine.

Kazi njema shambani.